Upande wa Aliyekaa Kitini

Visiga, Kibaha
4 Machi 1951

Kaka yangu Zahoro bin Mwishehe,

Shikamoo kaka. Ni mimi mdogo wako Mwanne, nakuandikia nikiwa mzima, na natumai barua hii itakukuta mzima barazani kwako. Wifi yangu Biubwa msalimie sana, mwambie ule mkeka alioniletea bado naukalia kwa maringo, wageni hawaruhusiwi.

Huku Visiga hatujambo. Shemeji yako Kibwana bado yuko na watu wa barabara. Wanamwaga kokoto, mvua inazoa, wanamwaga tena. Anarudi nyumbani mwekundu kwa vumbi mpaka mbwa anambwekea. Mhogo ulikubali mwaka huu lakini ngiri nao wameukubali, tunagawana. Ruvu imeanza kujaa na watu wa Mlandizi wanahamisha mbuzi.

Sasa sikia lililonifanya nikae na kalamu. Unajua kwamba nawafundisha kushona akina mama wa Mlandizi. Walichangishana, wakanunua cherehani mbili za kuzungusha kwa mkono kutoka kwa mtu. Nikiwapo zinakwenda. Nikirudi Visiga, kesho yake uzi umekatika, sindano imekwama, na cherehani inafunikwa kanga kama maiti mpaka nirudi wiki nyingine. Matilda, mke wa mwalimu wa parokia, mwanamke mwenye akili ya haraka, aliniambia, "Bibi Mwanne, haya maneno yako si uyaandike? Sisi tunajua kusoma." Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Kaka, naandika kitabu. Kitabu cha cherehani: kuitia uzi, kuitia mafuta, kubadili sindano, kujua inaumwa nini ikianza kuruka mishono. Nimeshaandika milango minne, yaani sura nne. Kamati ya vitabu ya mjini imeandika kwamba italisoma andiko langu mwisho wa mwaka, ila wanataka barua ya fundi anayejulikana, athibitishe kwamba niliyoyaandika ni kweli. Fundi anayejulikana ninaye, tumenyonya ziwa moja. Nimefunga hiyo milango minne pamoja na barua hii. Isome, uandike mistari miwili tu, uweke jina lako.

Mimi mdogo wako,
Mwanne binti Mwishehe


Kisarawe
2 Aprili 1951

Mwanne,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Wifi yako anakusalimu. Mvua huku kilimani imepiga mfululizo na paa la jikoni limevuja upande mmoja, nimeliziba kwa makuti. Mikorosho inapendeza. Mzee Mwinjuma, mkubwa wetu mafundi wa hapa, alishikwa na homa lakini sasa yuko barazani kwake kama kawaida, anagombana na wateja.

Bahasha yako nimeipata. Sikuisoma na sitaisoma. Nimeiweka juu ya kabati.

Nakuuliza jambo moja, Mwanne. Nani alikupa mkasi? Miye nilikaa ubavuni pa baba miaka, nikakata vishikizo, nikapiga pasi, nikachapwa kwa futi ya mbao kila nilipokosea. Siku aliponiridhia aliwaita mafundi wenzake, ikapigwa sinia ya wali, ubani ukafukizwa, fatiha ikasomwa, ndipo akanikabidhi mkasi mbele ya watu na kusema, "Huyu nimempa ruhusa." Kuanzia siku hiyo nilikuwa fundi. Siku ya pili yake nisingekuwa fundi zaidi, siku moja kabla sikuwa fundi hata kidogo. Ndivyo kazi hii inavyokwenda na ndivyo ilivyokwenda kwa baba na kwa aliyemfundisha baba.

Weye unataka kutoa ruhusa usiyokuwa nayo, tena kwa watu usiowajua, tena kwa karatasi! Kesho kila mwenye kitabu atatundika kanzu barazani aseme naye ni fundi. Shona nguo za wanao, funza wanawake wenzako, sikukatazi. Lakini kitabu hapana.

Kibwana nisalimie. Asinyeshewe sana.

Kaka yako,
Zahoro


Visiga
15 Aprili 1951

Kaka yangu,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia mu wazima, na pole kwa paa. Kwetu mtoto wa jirani alipotea nusu siku, akakutwa amelala chini ya lori la kokoto, tukamchapa halafu tukamkumbatia. Hayo ndiyo ya huku.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika mahali papya.

Mkasi sikupewa, kweli. Nani angenipa? Wewe ulikaa ubavuni pa baba kwenye kigoda. Mimi nilikuwa naleta maji, naleta makaa ya pasi, na nikishayaleta nasimama chini, mbele ya baraza, natazama. Hakuna aliyenikataza kutazama na hakuna aliyenikaribisha nikae. Sasa unataka nilie kwa sababu sikufukiziwa ubani? Sitalii. Mishono yangu haijui kama nilifukiziwa.

Na usidhani kuandika ni kazi ya kukaa kivulini. Wallahi kaka, kushona kanzu kumi ni mchezo. Jaribu kumwambia mtu usiyemwona atie uzi! Mkono unafanya kwa kufumba na kufumbua, kalamu inataka karatasi mbili. Nikiandika "vuta uzi kidogo," najiuliza kidogo kiasi gani, maana kidogo cha Matilda kinakata uzi na kidogo changu hakikati. Nakaa kibarazani, nafumba macho, naiona cherehani ya baba kipande kwa kipande, ndipo naandika. Siku nyingine natoka na sentensi moja tu, na chakula kimeungua, na Kibwana anakula hivyohivyo kwa kuogopa.

Lakini kuna siku nimekaa na mlango wa mishono inayoruka, nataka kueleza kwa nini inaruka, nikaona kwamba sijui. Nimeshona maisha yangu yote na sijui! Nikafungua cherehani ya Mlandizi yote mpaka chini, nikatazama uzi wa juu unavyokamatwa na ule wa chini, mpaka nikaelewa. Nilipiga kigelegele peke yangu. Hicho hukukipata kwenye sinia yako ya wali, fundi.

Iteremshe bahasha kabatini. Nitaandika mpaka mwisho, upende usipende.

Mdogo wako asiyekuwa na mkasi,
Mwanne


Kisarawe
20 Juni 1951

Mwanne,

Ramadhani imetufikisha nusu na kazi imefurika. Kila mtu anataka kanzu ya Idd na kila mtu anaitaka kesho. Wifi yako mzima, amefunga, anapika, na mambo mengine.

Nakuandikia nikicheka, na ningekuwa sikufunga ningecheka mpaka ninywe maji. Kitabu chako kimekaa kichwa chini! Sindano ilivunjika, tukatia mpya. Ikawekwa kama ulivyoandika: ubapa wake utazame kushoto, uzi uingie kutokea kulia. Ikaandikwa tena na fundi Mwanne kwamba gurudumu lizungushwe likuache, liende mbele. Basi mashine ya baba, ambayo haijawahi kuniaibisha, ikaruka mishono, ikakata uzi, ikasokota nyuzi huko chini mpaka ikakwama. Siku kadhaa nilidhani imekufa, kazi za watu zimelala na Idd inakuja. Mzee Mwinjuma akapita akasema niiuze nikauze samaki. Mpaka nilipoichomoa sindano nikaipapasa kwa kidole, nikausikia mfereji wake uko upande usio wake. Ubapa hutazama kulia! Uzi huingia kutokea kushoto! Gurudumu huja kwako! Hata mtoto anajua.

Huyo ndiye anayetaka kuwafunza watu. Nimewahadithia mafundi barazani, wamecheka mpaka Mwinjuma akakohoa. Sasa umeona kwa nini kuna mkasi na kuna ruhusa?

Kiache kitabu, dada. Nakwambia kwa wema.

Zahoro


Visiga
28 Juni 1951

Kaka,

Shikamoo. Mfungo unatuendea vizuri. Salamu nyingine nitakupa nikipoa.

Nilipoisoma barua yako nilitaka kuichoma pamoja na kitabu. Nikainuka, nikaenda Mlandizi kwa miguu, saumu mdomoni, nikakaa mbele ya cherehani na andiko langu mapajani. Ni kweli. Kila kushoto ni kulia. Kila kulia ni kushoto. Kitabu kizima, mwanzo mpaka mwisho. Mikono yangu haijakosea hata siku moja, lakini kalamu imekosea kila mahali, na haikukosea hovyo, imekosea kwa utaratibu. Nikamwambia Matilda asiniongeleshe, nikafumba macho kama ninavyofanya nikiandika.

Nikamwona baba. Yuko juu barazani, mgongo ukutani, ananitazama. Mimi niko chini, kwenye mchanga, na mtungi.

Umeelewa, fundi? Nimekiandika kitabu kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Nilijifunza kazi hii nikiitazama kwa mbele, kwa sababu kitini hapakuwa na nafasi ya mtoto wa kike. Gurudumu lililokuwa likija kwa baba lilikuwa likiniacha mimi. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Nimekuwa mtu mzima, nina cherehani, nina wanafunzi, na nikifumba macho bado nimesimama chini!

Kwa hiyo cheka. Mwambie na Mwinjuma acheke mpaka homa imrudie. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua kutoka upande mlioniweka. Na sasa nakianza upya, neno kwa neno, nimekaa kitini, cherehani mbele yangu, na sitafumba macho tena.

Halafu nijibu. Ulisema hutakisoma. Nani alikisoma? Ulisema sindano "ikawekwa." Nani aliiweka, nawe huiamini mikono ya mtu yeyote? Na ubapa wa sindano huonekana kwa jicho, kaka, tangu siku ya kwanza. Kwa nini ulingoja siku kadhaa, halafu ukaupapasa?

Mwanne


Visiga
30 Septemba 1951

Kaka Zahoro,

Shikamoo. Idd ndogo ilipita hukuandika. Idd kubwa imepita hukuandika. Lori la korosho limetoka Kisarawe mara mbili na dereva anasema hajapewa kitu. Nimeuliza kama mu wagonjwa, nikaambiwa umeonekana barazani, unashona. Basi sina la kufanya ila kuandika tena, maana miguu yangu nikiileta huko tutagombana mbele ya wateja.

Kibwana amepandishwa, sasa ni nyapara wa kokoto. Amenunua kofia. Haivui hata ndani.

Kitabu kimekwisha. Nimekiandika chote upya. Kila nilipoandika "kulia" niliinua mkono wa kulia kwanza, mpaka watoto wa jirani wakadhani naapa. Matilda alikaa na cherehani, mimi nikatoka nje nikakaa mbali, nikamwachia karatasi tu. Akavunja sindano? Hakuvunja. Alipofika pagumu cherehani ilisimama, nikajizuia nisiingie, nikauma kanga. Halafu nikasikia mshono unakwenda, sauti ile moja isiyokatika. Kaka, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilifurahi, lakini kulikuwa na maumivu ya kunisumbua. Siku hii ilikuwa furaha tupu.

Tarehe ya kupeleka andiko kwa kamati imefika na barua ya fundi sina. Nimekipeleka hivyohivyo. Nimewaandikia kwamba kaka yangu Zahoro bin Mwishehe ni fundi wa Kisarawe, anayajua yaliyomo, na amekataa kuniandikia. Kama wanataka kujua sababu wamuulize mwenyewe, anwani yako nimewapa. Juu ya jalada nimeandika jina langu na la baba. Wakikikataa nitakinakili kwa mkono, nakala moja moja, kila kikundi cha akina mama mpaka Morogoro. Sitakiacha, usinishauri kwa wema.

Maswali yangu ya Juni bado yamesimama.

Mwanne


Kisarawe
25 Novemba 1951

Mdogo wangu Mwanne,

Marahaba ya hii na marahaba za zile zote ambazo sikuzijibu. Ukiona mwandiko umenyooka, si wangu. Miye nasema, anayeandika ni wifi yako Biubwa, na amenionya kwamba ataandika kila nitakalosema hata nikikohoa. Tu wazima. Paa la jikoni limevuja upande wa pili.

Nakujibu. Aliyekisoma ni Biubwa. Nilikiweka kabatini, akakiteremsha, na tangu barua yako ya Juni anakifuata kwa kugeuza kulia na kushoto. Aliyeiweka sindano ni Biubwa. Tangu mwaka jana tundu la sindano silioni, naona uzi lakini tundu silioni, na ubapa siuoni mpaka niguse. Mbele ya wateja nilikuwa najifanya nakwenda ndani kunywa maji, kumbe nakwenda kutiliwa uzi. Mwinjuma hajui. Wifi yako anasema sasa atajua, maana barua za kwetu husomwa njiani. Na ajue! Nimechoka kunywa maji.

Usinililie. Mshono naujua kwa sikio na kitambaa nakijua kwa mkono. Lakini kwa nini unadhani nilikasirika uliponiambia unaandika namna ya kutia uzi? Miye mwenye mkasi siwezi kutia, na weye unawatilia watu usiowaona.

Kamati wameniandikia. Biubwa alinisomea. Wanasema maandishi wameyaridhia, tena wameyasifu, ila wangependa juu ya jalada liwekwe jina langu, kwa kuwa ndimi fundi mwanamume na watu wataamini, na lako litajwe ndani kwamba ulinisaidia kuandika. Nikawapelekea Mwinjuma na wenzake habari, nione watasemaje. Walinipongeza! Mwinjuma, aliyesema kitabu ni haramu kwa kazi yetu, alisema kikiwa na jina langu hakina neno. Basi siku ile nilijua kwamba hatukuwa tunagombania mkasi.

Nimewajibu kamati. Nimesema, mwenye kitabu ni Mwanne binti Mwishehe, mkiweka jina langu nitakuja huko mjini kwa miguu yangu niwaambie wanunuzi mlangoni kwamba mmeiba. Na hiyo barua ya fundi mliyoitaka ndiyo hii: nyumbani kwangu kuna mtu anashona kwa kitabu hiki, naye ni mke wangu, na kanzu anazoshona nazivaa miye. Nimetia sahihi na dole gumba, wasije wakasema mwandiko wa mwanamke hautoshi.

Kuna moja bado. Jumamosi nilimkalisha Biubwa kwenye kiti cha baba, barazani, mchana kweupe, wateja wanapita. Akaniambia, nawe shuka, unaniziba mwanga. Nikashuka. Nikasimama chini kwenye mchanga, mbele ya mashine, mahali pako. Sikuwahi kusimama pale. Gurudumu likawa linaniacha, kama ulivyoandika. Halafu Biubwa akasimamisha mashine ili atie uzi, akainua uso.

Mwanne, miye nilikaa ubavuni pa baba miaka yote ile, nikauona mkono wake na sikio lake. Uso wake akiwa kazini sikuuona. Weye ndiye uliyeuona. Na nimekumbuka kitu kilichokuwa kikiniudhi. Kila ulipokuja na maji, baba alikuwa anasimamisha kazi. Anachomoa uzi ambao haukukatika, anainua sindano juu mbele ya mwanga, anaitia uzi upya, polepole, hata kama mteja anangoja. Nilidhani mzee anachoka. Siku moja nikamwambia, baba, kazi inalala. Akanipiga futi ya vidole, akaendelea polepole vilevile, ameigeuza sindano upande wa mchangani, uliposimama weye.

Kwangu hakuwahi kuigeuza. Miye nilikuwa nakaribishwa, sikuhitaji kugeuziwa.

Kwa hiyo usiniombe tena barua wala ruhusa. Sina ya kukupa. Ulishapewa na baba mwenyewe, kila ulipoleta maji, na miye nilikuwapo, nimenuna kwenye kigoda. Ndimi shahidi wako.

Kaka yako,
Zahoro bin Mwishehe
kwa mkono wa Biubwa, aliyekaa kitini